Nyumba ya zamani inabomolewa Upanga: vifaa vyake vinaweza kurudi kwenye jengo jipya?

SWALI: Injinia shikamoo. Nina kampuni ndogo ya ukandarasi hapa Dar. Tumepata kazi Upanga, kuna nyumba ya ghorofa moja ya miaka ya sitini inabomolewa, inajengwa nyingine ya ghorofa tatu kiwanja hichohicho. Mwenye nyumba amekaa nje miaka mingi, anasema huko hawatupi kitu, kinachobomolewa kinarudi kwenye ujenzi, na anataka na sisi tufanye hivyo. Konsaltanti anasema kwa hapa Bongo ni kujitafutia matatizo. Mafundi wangu wanasema kifusi ni cha kumwaga tu. Nani yuko sahihi, na kama inawezekana mbona wakandarasi wengi hawafanyi? Pia nimeona Kenya wanatengeneza pevingi (tofali za kutandika chini) za plastiki, na kuna mtu ananiuzia mashine ya kuponda kokoto, ninunue?

JIBU: Marahaba kaka, na hongera kwa kazi. Nimefurahi sana umeuliza kabla kijiko hakijaingia saiti, maana hili jambo linaamuliwa kabla ya nyundo ya kwanza, ukishavunja kila kitu kikachanganyika tofali na jasi (jipsam) na mbao na vioo na udongo basi hapo hata ukileta mtaalamu wa Ulaya hakuna cha kuokoa, unabaki na lundo la kulipia tipa.

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, ila konsaltanti wako naye ana hoja, kwa sababu kuna sehemu za jengo jipya ambazo kifusi hakitakiwi kugusa kabisa. Nitakueleza zote mbili kwa kirefu kidogo, nivumilie.

Kwanza tuelewane kwamba Bongo hatuanzi sifuri. Wewe mwenyewe unajua, nyumba ikitangazwa kubomolewa tu dalali wa skrepa anafika kabla ya mkandarasi, mabati yanaondoka, grili zinaondoka, milango, madirisha, masinki, nyaya, mpaka mabomba ya chuma yanang'olewa ukutani. Nondo zinatolewa kwenye zege kwa nyundo na zinaishia kwenye tanuru za viwanda vya nondo. Na hiyo siyo kazi ndogo kimazingira, shirika la chuma la dunia linahesabu kwamba kila tani moja ya chuma chakavu inayorudi kiwandani inaokoa tani 1.4 za mawe ya chuma, kilo 740 za makaa ya mawe na kilo 120 za mawe ya chokaa. Hao vijana wa skrepa tunaowadharau wamekuwa wakifanya urejelezaji miaka yote bila semina. Kwahiyo vitu vyenye bei vinaokolewa tayari, tatizo letu ni vile vizito visivyo na bei: zege, tofali, plasta na udongo wa kuchimbia msingi. Hivyo havina mwenyewe. Kwenye BOQ nyingi (orodha za kazi na bei zake) nilizosoma vinatokea kwenye mstari mmoja tu, "bomoa na ondoa kifusi saiti", ukiandikwa hivyo mkandarasi analipwa kwa kuondoa, halipwi kwa kuokoa, sasa kwa nini ajisumbue?

Hebu tupige hesabu ya nyumba yako ili uone uzito wa jambo lenyewe. Tuseme slabu ya juu, yani sakafu ya zege ya ghorofani, ina mita za mraba 200 na unene wa sentimita 15, hiyo ni mita za ujazo 30 za zege, na zege lenye nondo lina tani 2.4 kwa kila mita ya ujazo, kwahiyo slabu peke yake ni tani 72. Kuta sasa, mita moja ya mraba ya ukuta wa tofali ya inchi 6 ina kama kilo 300, ongeza plasta pande mbili unafika kilo 360 hivi. Ukiwa na mita za mraba 350 za kuta umepata tani 126 nyingine. Tayari uko karibu tani 200 na hatujagusa msingi, boriti, nguzo wala jamvi la chini (zege la sakafu ya chini). Kwa tipa ya tani 15 hizo ni trip 13 au 14 za kutoka. Na kumbuka kifusi kikivunjwa kinaumuka, ujazo unaongezeka kwa nusu au zaidi, kwahiyo mara nyingi tipa inajaa kwa macho kabla haijajaa kwa uzito, na trip zinaongezeka.

Alafu ukimaliza kulipia trip za kutoka unaanza kulipia trip za kuingia. Kokoto nzuri za Dar nyingi zinatoka Lugoba na Msolwa kule Chalinze, zaidi ya kilomita 100, kila tani unayonunua umelipia dizeli ya njia nzima na foleni ya kuingia mjini. Sasa angalia, tipa inatoka Upanga na mawe inakwenda kuyamwaga, nyingine inatoka Chalinze na mawe inayaleta Upanga, na sehemu ya hayo mawe yanayokuja ni ya kwenda kulala chini ya jamvi tu, kazi ambayo kifusi chako kingeifanya vizuri kabisa. Hapo ndo pesa ya mteja wako inapopotelea, na hiyo ndo hesabu ya kumwekea mezani: trip za kutoka ulizoepuka, jumlisha trip za kuingia ulizoepuka, toa gharama ya kutenganisha na kuponda. Bei za leo unazijua wewe kuliko mimi, weka zako.

Umeuliza mbona wengi hawafanyi. Wengi watakwambia ni elimu, mimi sikubali sana, mafundi wetu wanajua thamani ya kitu kuliko tunavyowapa sifa. Naona sababu kubwa ni tatu na zimeshikana. Ya kwanza nimeshaitaja, mkataba. Ya pili ni muda, mwenye nyumba akishasaini anataka kuona msingi mpya mwezi huohuo, kibali kimechelewa, benki inadai, kwahiyo ubomoaji unapewa siku chache na kijiko kinaingia kusaga kila kitu pamoja, wakati kubomoa kwa mpangilio kunataka siku zaidi na vibarua wengi zaidi mwanzoni ingawa unakuja kuokoa baadaye. Ya tatu ni kwamba kumwaga kifusi kwetu ni rahisi mno. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko mbali, kwahiyo dereva anatafuta korongo, au mtu wa bondeni anayetaka kuinua kiwanja chake, anamwaga hapo na safari imeisha. Yule mwenye kiwanja anashukuru, ila maji ya mvua yaliyokuwa yanapita pale yanahamia kwa jirani. Bonde la Msimbazi kila mtu wa Dar anajua linavyofanya masika, na kila trip ya kifusi inayoingia kwenye njia ya maji inaongeza shida ya watu wa chini. Jambo hili linaniuma kweli, kwa sababu ni mzigo wa jengo la mtu mmoja unaobebwa na familia ambazo hazikuhusika.

Huko alikokaa mteja wako hawakuanza kwa sababu wana roho nzuri kutuzidi. Uholanzi ilipiga marufuku kuzika taka za ujenzi zinazoweza kurejelezwa mwaka 1997, ukishakuwa huna pa kumwaga lazima utafute matumizi. Uingereza ilianza kodi ya kutupa taka dampo mwaka 1996, alafu mwaka 2002 wakaweka tozo ya pauni 1.60 kwa kila tani ya mchanga, kokoto na mawe mapya yanayochimbwa, yani wamebana pande zote mbili, kutupa kuna gharama na kununua kipya kuna gharama, katikati hapo kifusi kikapata soko. Japani walitunga sheria yao mwaka 2000 inayolazimisha kutenganisha zege, lami na mbao kwenye ubomoaji wa jengo la kuanzia mita za mraba 80. Umoja wa Ulaya wakajiwekea lengo la asilimia 70 ya taka za ujenzi na ubomoaji ziwe zinarejelezwa au kutumika tena ifikapo 2020. Unaona mwenyewe, sheria na bei ndo zilitangulia, mashine zikafuata. Sisi kusubiri hiyo sheria tutasubiri, lakini umbali wa Lugoba ni tozo tosha kwa mtu wa Upanga, ukiupigia hesabu.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kubomoa chukua siku nzima na fundi mmoja, fundi umeme na msimamizi wa saiti, mzunguke nyumba chumba kwa chumba mkiandika kila kitu kilichopo: ni nini, kiasi gani, kimefungwaje, kinakwenda wapi. Kinauzwa, kinarudi kwenye jengo jipya, kinapondwa au kinatupwa. Nyumba za umri huo za Upanga usishangae kukuta milango ya mvule au mninga imefunikwa na rangi ya mafuta tabaka nyingi, mtu akiiangalia anaona mlango mchakavu. Kwangua kidogo kwa chini uone mbao yenyewe. Mvule mchwa anauogopa, mlango wa miaka sitini unaweza kurandwa, ukapigwa msasa na vanishi, ukarudi ukiwa bora kuliko milango mingi ya dukani leo. Mbao za paa nazo zipigwe kwa nyundo moja moja, zinazolia vizuri zitoke misumari zipangwe juu ya vipande vya tofali zisiguse ardhi, zilizoliwa zitengwe.

Kitu cha kwanza kabisa kwenye ukaguzi huo ni asbestosi, nyuzi za madini zilizokuwa zinachanganywa zamani kwenye vifaa vya ujenzi. Naomba usiruke hapa. Kama kuna mabati ya kijivu mazito yanayofanana na saruji, dari ngumu za namna hiyo au mabomba ya aina hiyo, simamisha, wasiliana na NEMC, baraza la mazingira la taifa, upate mtu mwenye kibali. Hayavunjwi, hayakatwi kwa grainda, yanaloweshwa maji, yanashushwa mazima, yanafungwa kwenye plastiki nzito na kuzikwa sehemu inayoruhusiwa. Nyuzi zake zikiingia kwenye pafu zinakaa humo na ugonjwa unakuja kutokea miaka 20 au 40 baadaye, kijana wako wa leo anakuja kuugua akiwa mzee na hakuna atakayekumbuka saiti yako. Na kipande cha asbestosi kikiingia kwenye mashine ya kuponda umeharibu lundo zima.

Ukishamaliza hiyo, ubomoaji unakwenda kinyume na ujenzi, kilichowekwa mwisho kinatoka kwanza. Umeme na maji vikatwe, vifaa vya bafuni vitoke, milango na fremu, dari, paa, ndipo uje kwenye kuta na zege. Jasi yote, yani dari za jipsam na urembo wake, itoke na kutengwa mbali kabisa na zege, maana jasi ina salfeti, na salfeti ikikaa na saruji kwenye unyevu inavimba na kupasua kazi kutoka ndani. Vigae vya sakafuni na ukutani havina shida kama vitakwenda kwenye kujaza. Udongo mweusi wa juu wa bustani uchotwe uwekwe pembeni, mteja atautaka mwisho wa kazi, watu wanaumwaga halafu wanakuja kununua udongo wa bustani kwa viroba.

Tofali zenyewe usitegemee sana kuzipata nzima. Inategemea mota, yani ule mchanganyiko wa saruji au chokaa na mchanga unaoshika tofali. Majengo ya zamani ya pwani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, yalikuwa yanafunguka kwa sababu chokaa ni laini kuliko jiwe, ukigonga kinachoachia ni chokaa na jiwe linabaki, ndo maana Zanzibar na Lamu na Bagamoyo mawe, boriti na milango ya nakshi imehama kutoka nyumba moja kwenda nyingine miaka na miaka bila mtu kuona ajabu. Ukuta wa tofali za saruji uliojengwa kwa mota kali ya moja kwa tatu (saruji moja, mchanga tatu) ukiugonga inapasuka tofali, mota inabaki. Jaribu kona moja: kama tofali zinaachia safi tenga wawili watatu wa kuzisafisha, kama zinavunjika usipoteze muda wa watu, zipeleke kwenye lundo la kuponda.

Haya, lundo. Uwe na malundo mawili tofauti, zege tupu peke yake, na tofali na plasta peke yake. Zege likipondwa linatoa kokoto imara, tofali linatoa kitu laini zaidi. Na hata hiyo kokoto ya zege siyo sawa na ya Lugoba, kwa sababu kila kipande kimebeba mota ya zamani iliyoganda juu yake, na mota ile imejaa vitundu inakunywa maji. Unaweza kuipima hapohapo saiti bila maabara: chukua kokoto zako zilizokauka kabisa, pima kilo 2, loweka saa 24, toa, futa kwa kitambaa mpaka zisiwe zinang'aa maji, pima tena. Ukipata kilo 2.12 maana yake zimekunywa asilimia 6. Kokoto ya mwamba mzuri kwa kawaida iko kwenye asilimia 1 hivi, mara nyingi chini ya 2. Sasa fundi asiyejua akichanganya zege na kokoto kavu ya kifusi, zinanyonya maji ya saruji, zege linakuwa gumu kumwaga, fundi anaongeza maji kwa ndoo, siku inayofuata zikiwa zimeshiba maji yale ya ziada yamebaki na nguvu ya zege imeshuka. Dawa yake ni kuloweka lundo usiku, asubuhi unachanganya zikiwa na unyevu ndani na zimekauka juu.

Kuna jambo la pwani ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi sana, chumvi. Majengo mengi ya Dar ya zamani yalitumia mchanga wa karibu na bahari, na hata kama haukutumika, jengo limepigwa na upepo wa bahari miaka sitini. Umeona zile kuta zinazotoa unga mweupe na rangi inabanduka kila mwaka? Zege kama hilo ukilirudisha kwenye boriti yenye nondo unaipeleka chumvi mpaka kwenye chuma, nondo inashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka. Kwahiyo kabla ya kuamua chochote, toboa sampuli za slabu na nguzo chache, peleka maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ya TANROADS, wakala wa barabara, wapime kloridi (ndiyo hiyo chumvi), salfeti na nguvu ya zege lenyewe. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kazi nzima na itamtuliza konsaltanti.

Hapa sasa ndo nakuja upande wa konsaltanti wako. Nguzo, boriti, slabu na ngazi za jengo jipya, tumia kokoto mpya. Najua kiwango cha Uingereza cha zege, BS 8500, kinaruhusu kubadilisha mpaka asilimia 20 ya kokoto kwa kokoto ya zege lililopondwa kwenye baadhi ya zege za kawaida, na duniani kuna majengo yaliyokwenda mbali zaidi ya hapo. Lakini wale wana viwanda vinavyopima kila lundo, wewe una lundo moja la jengo moja ambalo hujui nani alichanganya zege lake mwaka ule. Sisi tumezika watu. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar lilianguka likaua watu 36, na Novemba 2024 tukarudi tena kwenye vifusi vya ghorofa lililoanguka Kariakoo. Kwenye kitu kinachobeba watu juu ya vichwa vya watu mimi sitaki majaribio, na mtu akikushawishi vinginevyo kwa sababu ya kuokoa trip mbili za kokoto mkatalie.

Vilevile nondo. Zile zilizotolewa kwenye zege zikanyooshwa kwa nyundo barabarani usizirudishe kwenye jengo kabisa. Nyingi za miaka ile ni nondo laini za mviringo zenye nguvu ndogo kuliko za leo, zimekunjwa zikakunjuliwa, zimepoteza unene kwa kutu, na hakuna anayejua zilitoka wapi. Uza kwa kilo kama skrepa. Slabu ya mita za ujazo 30 inaweza kukupa tani 2 au 3, hiyo ni hela inayolipa vibarua wa kutenganisha, ila pima kwa mzani wako kabla ya mzani wa dalali.

Kifusi kiende wapi basi? Chini. Kujaza na kushindilia chini ya jamvi, chini ya njia ya gari na pakingi, kuzunguka mabomba ya maji ya mvua, shimo la kunyonya maji, na zege dhaifu la kusawazisha chini ya msingi lisilo na nondo. Mwaga kwa tabaka za sentimita 15, mwagia maji, shindilia kwa kompakta kila tabaka, usimwage nusu mita kwa mpigo ukashindilia juu tu, itakuja kutitia na jamvi litapasuka. Lundo la tofali lililochekechwa linaweza kutengeneza tofali mpya za ukuta usiobeba mzigo, ukuta wa fensi au wa kugawa vyumba, ukibadilisha sehemu tu ya mchanga na kokoto, siyo vyote. Tengeneza tofali za majaribio, zimwagilie siku saba, zivunje maabara siku ya 28, zikifikia kiwango cha TBS, shirika la viwango, ndo uendelee. Unga laini kabisa unaobaki chini ya chekeche usiuweke kwenye zege, unakunywa maji mengi mno, utumie kujazia.

Kwa hesabu yangu nyumba kama yako, ukitenganisha vizuri, sehemu kubwa ya zile tani 200 inaweza isitoke kabisa kwenye kiwanja, au itoke kwenda kwa mtu aliyeilipia. Kinachokwamisha saiti za Upanga ni nafasi. Malundo yanataka pa kukaa wakati unachimba msingi, kwahiyo panga mapema, omba kiwanja cha jirani, au ubomoe upande mmoja kwanza.

Na usiishie kwenye nyumba ya zamani tu, ile mpya nayo inazalisha mabaki kila siku. Chukua nondo, zinakuja mita 12. Ukihitaji vipande vya mita 3.5 unapata vitatu na kinabaki cha mita 1.5, saiti nyingi hicho kinakwenda kwenye skrepa. Lakini linta, yani boriti ya juu ya mlango, kwa mlango wa sentimita 90 ukiongeza sentimita 30 kila upande ni mita 1.5 kamili. Kwahiyo msimamizi wa saiti akae na michoro jioni moja aandike orodha ya kukata ya jengo zima kabla ya kuagiza, nondo za linta zote anaweza kuzipata kwenye vipande hivyo kama unene unalingana. Mbao za shata, zile za kushikilia zege mpaka liwe gumu, zisipigiliwe misumari ya ovyo, zipakwe oili, zitarudi mara nyingi zaidi. Mota ichanganywe ya kumalizika ndani ya saa moja au mbili, siyo mlima mmoja wa asubuhi unaoganda mchana. Na kuta za kugawa vyumba usijengee mota ya moja kwa tatu, moja kwa sita inatosha, mtu wa miaka 50 ijayo atakayebomoa atazipata tofali nzima.

Kuhusu mkataba, kaa na mteja na konsaltanti kabla hujasaini, ule mstari mmoja wa "bomoa na ondoa" uvunjwe uwe mistari kadhaa inayolipwa: ukaguzi wa kabla, kuvua kwa mikono, kutenganisha, kuponda, kupima maabara, kujaza kwa kifusi kilichopondwa kwa mita ya ujazo. Iandikwe wazi vifaa vilivyookolewa ni mali ya nani, maana hapo ndo ugomvi unapoanzia, mkandarasi anadhani milango ni yake, mwenye nyumba anadhani ni yake, kibarua ameshaiuza usiku. Iandikwe pia kifusi hakitumiki wapi, kwa majina, nguzo, boriti, slabu, ngazi. Konsaltanti akiona hiyo imeandikwa na kuna karatasi ya maabara nyuma yake mara nyingi anakubali, kinachomtisha ni kupewa lawama ya kitu ambacho hakikupimwa. Na uongeze siku za ubomoaji kwenye programu ya kazi, kama ulipanga siku tano weka kumi na mbili, ukikosa hizo siku usianze kabisa.

Zile pevingi za Kenya ni kazi nzuri kweli, Gjenge Makers ya dada Nzambi Matee wanachanganya plastiki chakavu na mchanga wanakandamiza kwa joto, UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walimpa tuzo ya vijana mwaka 2020. Ni za kuweka chini, njia na uani, na zinataka kiwanda na kuchambua aina za plastiki, wewe saiti huwezi kuyeyusha plastiki, moshi wake ni sumu kwa vijana wako. Ukitaka nunua zilizotengenezwa tayari, ila halihusiani na tani zako 200 za zege.

Mashine ya kuponda usinunue kwa kazi moja. Itakaa inaota kutu ikikusubiri upate nyumba nyingine ya kubomoa. Kodi yenye operata wake kwa siku chache baada ya kuwa umeshakusanya lundo lote, uliza inatoa saizi gani, ina sumaku ya kutoa vipande vya nondo au mtafanya kwa mkono, na inafungwa maji ya kuzuia vumbi kwa sababu Upanga una majirani ukuta kwa ukuta na kuna shule na hospitali humo. Vijana wanaolisha mashine wavae maski za vumbi zile nzito, siyo kitambaa, na vizibo vya masikio. Bei ya kukodi ukiipata iweke kwenye ile hesabu ya trip, ikizidi unachookoa basi vunja vipande vya ukubwa wa ngumi kwa breka (mashine ya kuvunjia zege) na nyundo na uvitumie kujazia tu bila kuponda, vijana wa kugonga mawe wa Kunduchi wanaijua hiyo kazi kuliko mimi na wewe, waite.